Mshono wa Mama Mkwe Wangu

Kila Jumanne, kabla jua halijachomoza, mimi huenda machinjioni kuomba mishipa. Nasema kuomba kwa sababu hakuna neno jingine. Mchinjaji huwa ameshika kisu, amechoka, na mbele yake wamesimama watu wenye shida za maana. Huyu anataka maini, yule anataka kichwa cha kondoo cha kumpikia mgonjwa supu. Ndipo nami najitokeza na ndoo yangu ya barafu, nasema nataka ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo wa ng'ombe, mzima, usiokatwakatwa, na tafadhali asiuvute kwa nguvu. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi hii, na miaka kumi na tisa wananiita Daktari wa Ndoo.

Maabara yetu iko chini kabisa ya jengo la chuo chetu hapa Sfax, kati ya chumba cha jenereta na stoo ya viti vibovu. Tunachotafuta ni kitu kimoja: mshipa wa damu ukikatwa ukashonwa tena, ule mshono unastahimili presha kiasi gani kabla ya kuachia. Wapasuaji wanashona, wanafunzi wanapiga hesabu, na mimi naendesha Hajja. Hajja ni pampu. Nilimuunda kwa mikono yangu, kwa mota ya mashine ya kufulia, na tukampa jina hilo kwa sababu anafanya kazi tangu asubuhi hadi jioni bila kulalamika. Anasukuma maji kwa mapigo kama ya moyo, tuk, tuk, tuk, na maji yenyewe tunayatia sharubati ya komamanga ili tundu likitokea lionekane. Presha ya mtu mwenye afya haipiti sana mia na ishirini. Hajja anafika mia tisa bila kukohoa. Nampenda kuliko mashine yoyote nyumbani, na mke wangu analijua hilo.

Mkuu wa maabara ni Profesa Shadli, mpasuaji wa mishipa. Sitamsingizia: ni mpasuaji mzuri, na wako watu wanaotembea mjini leo kwa sababu yake. Lakini tangu alipobuni mshono wake na kuupa jina lake mwenyewe, hashikiki. Mshono wa Shadli umo kwenye makala tatu, uko kwenye kikombe chake cha kahawa, na uko kwenye kibandiko nyuma ya gari lake, ambapo watu wengi hudhani ni nembo ya timu ya mpira. Kitu kimoja tu kilikosekana, nacho ni ushahidi kwamba mshono huo unashinda mingine.

Ushahidi huo ulitupwa mabegani mwa Dhikra. Huyu ni binti wa watu, mwanafunzi wa uzamivu, mhandisi aliyesoma kwa shida, na alikuwa na sisi mwaka wa sita. Chuo kimoja cha Gabes kilikuwa kimempa kazi ya kufundisha kuanzia Septemba, kwa sharti kwamba fomu ya kukubaliwa kutetea tasnifu yake ifike masijala kabla ya Ijumaa ya mwisho ya Juni, saa sita mchana. Fomu ilihitaji saini moja tu, ya Profesa Shadli. Asiposaini, kazi anapewa mwingine, na mchumba wake, ambaye alikwisha kupaka rangi nyumba huko Gabes mara mbili kwa kusubiri, angeanza kupaka mara ya tatu.

Tuliandika makala ya kwanza tukaipeleka kwenye jarida moja la ng'ambo. Wakatujibu kwa swali: kwa nini hamkutumia mishipa ya nguruwe, kama wengine? Mimi mjinga nikalichukua swali hilo nikampelekea mchinjaji, nikidhani tutacheka wote. Hakucheka. Wiki mbili nzima nilirudi na ndoo ya barafu tupu.

Barua ya pili ilikuwa na hoja ya maana. Walisema: mnadai mshono huu ni bora, bora kuliko wa nani? Tafuteni mtu anayejua kushika sindano lakini si mpasuaji, ashone idadi ileile, mlinganishe. Profesa aliposomewa alicheka mpaka akavua miwani. Akatuambia tulete yeyote tunayemtaka, hata mshona osbane.

Mimi nilikuwa napangusa Hajja. Nikasema, bila kufikiri, kwamba mshona osbane bora kuliko wote mtaani kwetu ni mama wa mke wangu.

Osbane ni chakula cha Idi Kubwa. Unachukua matumbo ya kondoo, unayakata vipande, unavishona kuwa vifuko, unajaza wali, maini, mboga za majani na pilipili, unafunga mdomo kwa uzi, kisha vinachemka juu ya jiko na kupakuliwa na kuskusi. Kikipasuka sufuriani, aibu yake inakaa mwaka mzima. Mama mkwe wangu, Mannubia, ana miaka sabini na moja na hajawahi kupasukiwa na hata kimoja. Anaitwa nyumba za watu siku ya Idi kama fundi bomba.

Alikuja Jumanne tatu mfululizo. Ya kwanza tuliipoteza yote. Dhikra alipogeuka kutafuta glavu za saizi yake, mama alikuwa amekwisha kuiosha mishipa minne kwa siki, chumvi na mnanaa, akaisugua mpaka ikang'aa. Akauliza ng'ombe alikufa kwa nini. Nikamwambia alichinjwa. Akauliza tutajaza nini ndani. Nikamwambia maji. Akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuiona tangu siku ya posa, akasema binti yake alikuwa amemwambia kazini kwetu hali ni ngumu, lakini hakujua ni ngumu kiasi hicho.

Jumanne zilizofuata alikaa vizuri. Koleo la kushikia sindano alilikataa, akasema hawezi kushona akiwa ameshika mkasi. Alishona kwa vidole, kwa uzi uleule mwembamba wa buluu anaotumia Profesa, huku akimweleza Dhikra habari za majirani ambao Dhikra hakuwajua. Na alishona kwa namna yake. Mwishoni hafungi fundo. Anapitisha uzi ndani ya kitanzi chake, na kitu kilichomo ndani kinapojaa na kusukuma, kitanzi kinabana. Kadiri kinavyojaa ndivyo kinavyobana. Kisha anauacha mkia wa uzi, mrefu kama kidole. Mezani mlaji anabonyeza penye kitanzi kwa dole gumba, anavuta mkia mara moja, na uzi wote unatoka mzima. Alianza kufanya hivyo mwaka ule shemeji yake alipomeza uzi siku ya Idi, akapelekwa hospitali akiwa bado ameshika kijiko, na lawama zote zikamwangukia yeye.

Dhikra alitaka kuikata ile mikia ili mishono yote ifanane.

"Ukiukata, mtu atameza uzi," mama alisema.

"Hakuna atakayekula, mama."

"Ndivyo wanavyosema wageni wote kabla hawajakaa."

Dhikra akaandika kwenye daftari: kundi la pili, mikia haikukatwa.

Profesa alishona ya kwake ishirini kati ya operesheni na operesheni, akiongea na simu iliyobanwa begani. Kisha akatoa amri ambayo hadi leo naiheshimu. Alisema sampuli zote zichanganywe, zipewe namba, na orodha inayoonyesha namba ipi ni ya nani itiwe kwenye bahasha. Hakutaka mtu aje aseme alipendelewa. Alisaini juu ya gundi ya bahasha, akaitia kwenye droo, akaifunga, na ufunguo akautia mfukoni mwake. Nje ya sampuli arobaini tulibakiza nne za akiba, nazo zikapewa namba, zikawekwa kwenye friji.

Hajja alifanya kazi wiki mbili. Sampuli ishirini ziliachia kati ya mia tatu na hamsini na mia nne na ishirini, jambo ambalo si baya, mgonjwa angepona. Ishirini nyingine zilipita mia tisa. Mbili kati ya hizo hazikuachia kabisa. Uliopasuka ni mpira wangu wa kupitishia maji. Dhikra alichora grafu, ikatoka na vilima viwili vilivyotengana kama watu waliogombana. Profesa akasimama mbele yake akisugua viganja. Jioni ileile aliagiza vikombe vingine dazeni.

Kisayansi, mimi na Dhikra hatukujua chochote, kwa sababu bahasha ilikuwa imefungwa. Kwa macho tulijua kila kitu, kwa sababu kila sampuli iliyopita mia tisa ilikuwa na mkia.

Dhikra alijaribu kumwambia mara tatu. Mara ya kwanza alianza kwa kusema kwamba huenda kundi lenye nguvu si lile wanalodhani, na Profesa akampigapiga bega, akamwambia wasiwasi ni dalili ya mtafiti mzuri. Mara ya pili alimpigia simu, naye akajibu akiwa kwenye harusi, ngoma zikaimeza sauti ya Dhikra. Mara ya tatu alimpelekea sampuli yenyewe kwenye kisahani, mkia ukiwa umelala pembeni. Profesa alikuwa anakula mkate wa tuna, akamwomba amwondolee kitu hicho mbele ya chakula.

Alirudi akakaa juu ya ndoo yangu, nami nikamwachia.

"Kaka Khmayes, nikisema kweli, hasaini," aliniambia. "Nikinyamaza, nitaenda Gabes kufundisha watu nini?"

Nilimwambia aiachie bahasha iseme. Akanijibu kwamba bahasha haina mchumba wala haijaahidiwa kazi. Nilimpa chai, na ilinichoma roho kumwona anaikoroga bila kuitia sukari.

Profesa akapanga onyesho siku ya Alhamisi, kesho yake ndiyo siku ya mwisho ya fomu. Waalikwa walikuwa watatu. Wawili walitoka Lyon, ng'ambo, wembamba, wapole, wakitabasamu kila wakitazamwa. Wa tatu alikuwa Profesa Bahija kutoka Tunis, bibi mpasuaji aliyekwisha kustaafu, ambaye ndiye aliyemfundisha Shadli kushika sindano miaka thelathini iliyopita. Ratiba ilikuwa hivi: Hajja aonyeshe uwezo wa mshono, bahasha ifunguliwe mbele ya wageni, fomu isainiwe, watu wale. Fomu ya Dhikra iliwekwa mezani kando ya Hajja, kalamu juu yake. Chakula niliambiwa nikitafute mimi, kiwe cha nyumbani. Nawe unajua nilikitafuta kwa nani.

Mama mkwe alifika mapema. Alikuwa amepata teksi haraka. Akasimama mlangoni na sufuria yake, imefungwa blanketi, akakataa kuiweka chini kwa sababu alikuwa ameona sakafu yetu.

Profesa alifungua friji mwenyewe. Akatazama zile sampuli nne za akiba kama mtu anayechagua tikiti, akaipita ya kwanza, akaipita ya pili, akachukua namba arobaini na tatu. Ilikuwa imeshonwa vizuri kupita zote, na ilikuwa na mkia. Dhikra aliinama kana kwamba amedondosha kitu.

Nikaifunga kwenye mipira, nikawasha. Tuk, tuk, tuk. Mia mbili. Mia nne. Wageni wa Lyon wakasogea. Mia sita, na hata tone halikutoka. Profesa akaanza kuzungumza kwa Kifaransa, kwa ile sauti yake ya redioni, akieleza habari za mkono, kwamba mkono haufundishwi, mtu anazaliwa nao. Profesa Bahija akauliza ule mkia ni wa nini. Mtu mwingine angesema hajui. Profesa Shadli aliutazama mara moja tu, akasema anauacha makusudi, ni saini yake.

"Anasemaje?" mama mkwe akaniuliza kutoka mlangoni.

Hapo ndipo nilipokosea. Ningeweza kujifanya sikusikia, pampu ina kelele. Lakini sijawahi kumdanganya mama mkwe wangu, na ile haikuwa siku nzuri ya kuanza. Nikamtafsiria neno kwa neno.

Alinipa sufuria nishike. Alitembea taratibu, akawapita wageni wa Lyon akiwasalimu mmoja mmoja na kuwauliza habari za watoto, akafika mbele ya Profesa. Presha ilikuwa mia saba.

"Mwanangu, huu ni wako?" akamuuliza.

"Ni wangu, mama."

"Basi uutoe, watu wale."

Profesa akacheka, akawageukia wageni, akawaeleza kwa Kifaransa kwamba bibi anadhani mshono unatolewa. Kisha akamgeukia tena, akamwambia kwa upole kwamba mshono wake hautoki, hata avute nani.

"Wangu unatoka," mama akasema. Akabonyeza kwa dole gumba, akavuta.

Uzi ulitoka wote, mzima, kwa mkono mmoja, kama siku zote. Sharubati nayo ikatoka. Ilimpata Profesa kifuani, ikapanda usoni, ikaruka ikawapata wale wa Lyon waliokuwa bado wanatabasamu, ikashuka mezani juu ya fomu, ikarudi kwa Profesa kwa sababu mpira ulikuwa umeanza kucheza peke yake. Na haikuisha, maana Hajja haachi kazi mpaka aambiwe. Kila pigo lilikuwa na zawadi yake. Tuk, wa Lyon. Tuk, Profesa. Tuk, grafu ukutani. Mimi nimesimama na sufuria mikononi, nimeganda, nawaza tu kwamba kuskusi isilowe.

"Wewe bwana, zima hiyo mashine," alisema Profesa Bahija, ambaye alikuwa ameinua mkoba wake juu ya kichwa mapema kuliko wote.

Nikazima kwa goti. Yakabaki matone tu. Mama mkwe alikuwa ameushika uzi juu, anaukagua kwenye mwanga kama haujakatika. Haukukatika. Akauzungusha kidoleni, akautia mfukoni.

Profesa Bahija akaomba bahasha. Profesa Shadli aliutafuta ufunguo kwenye mifuko yote, na mifuko yote ilikuwa inanata. Alifungua droo mwenyewe, akaitazama saini yake juu ya gundi, akampa Dhikra. Kama kuna kitu cha kumsifu siku ile, ni hicho, kwamba hakuirudisha ndani.

Dhikra alisoma akiwa amesimama. Namba arobaini na tatu, kundi la pili. Kisha akasoma na mengine yote, hakuruka. "Kundi la kwanza, Profesa Shadli, wastani mia tatu na themanini," alisema. "Kundi la pili, Bibi Mannubia, zaidi ya mia tisa. Kipimo chetu kiliishia hapo."

"Sasa kama mmemaliza, chakula kinapoa," akasema Bibi Mannubia.

Profesa Bahija ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akikohoa, akashika meza, akasema hata akiwa mwanafunzi Shadli alikuwa anavuta uzi kama mtu anayefunga mzigo wa punda. Wale wa Lyon nao wakacheka, kwa heshima tu, hawakujua wamechekea nini. Kisha Bahija akaichukua kalamu, akaipangusa kwa leso, akamwekea mwanafunzi wake wa zamani mkononi. Profesa akasaini fomu ya Dhikra vilevile mtu anavyosaini kupokea kifurushi cha jirani.

Tulikula. Kwenye sahani ya Profesa Shadli kulikuwa na osbane mbili, na nilimwona, maana nilikuwa simwachi kwa macho, akibonyeza kwa dole gumba na kuvuta mkia. Uzi ukatoka. Akautazama sana, akaukunja, akautia kwenye mfuko wa shati uliojaa sharubati.

Nilidhani yameisha. Asubuhi ya Ijumaa, saa tano, Dhikra alishuka ngazi kwa kukimbia, akasimama mlangoni na fomu mkononi. Masijala wameikataa. Kurasa mbili zimegandana, saini imechuruzika hadi pembeni, na karani amesema hawezi kuweka kwenye faili karatasi inayovutia sisimizi. Wamempa fomu mpya, safi, na muda ni uleule, saa sita mchana.

"Jana alisaini kwa sababu Profesa Bahija alikuwa anamtazama," Dhikra alisema. "Leo anatazamwa na nani?"

Bahija alikuwa kwenye treni ya Tunis. Wa Lyon walikuwa wamekwenda kununua mashati. Nilimwambia Dhikra nitamsindikiza, ingawa mimi kumsindikiza mtu kwa Profesa ni kama kumsindikiza na ndoo. Tukapanda ghorofa nne.

Tulimkuta ofisini, mlango uko wazi. Mezani, juu ya mfuko wa plastiki, kulikuwa na kipande cha utumbo wa kondoo, na uzi wa buluu, na kile kikombe chake kimetiwa sindano badala ya kahawa. Hakuficha kitu. Dhikra akaeleza habari za karani na sisimizi, akaiweka fomu mbele yake. Profesa hakuigusa.

"Wangu wa chini kabisa uliachia kwa ngapi?"

Nilijua jibu, maana mimi ndiye niliyekuwa kwenye kipimo. Nilimwomba Mungu amtie Dhikra uongo kidogo, asogeze ifike hata mia nne, mzee apumue, tusainiwe tuondoke. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea tano na nusu.

"Mia tatu hamsini na mbili," alisema Dhikra. "Namba kumi na moja."

Profesa alitikisa kichwa. Akasema huo lazima ulikuwa wa siku ya Jumatatu, alikuwa na haraka siku ile. Akachezea sindano.

"Si kweli," akasema. "Sikuwa na haraka."

Akavuta fomu, akasaini, taratibu, herufi zote zinasomeka. Akaipulizia wino ukauke, akaiinua kwa pembe mbili kana kwamba ni ganda la yai, akampa. Dhikra alisema ahsante akiwa amekwisha kufika mlangoni. Alikwenda masijala kwa kukimbia, na nilisikia viatu vyake ngazi zote nne. Mimi sioni aibu kusema kwamba nilitokwa na machozi. Nilisingizia siki ya ule utumbo.

Nilipotaka kuondoka, Profesa akaniita. Akanionyesha kile kipande cha utumbo, mkia umekwama katikati. Akaniuliza unabonyeza kwanza ndipo unavuta, au unafanya vyote pamoja. Nikamwambia aende kwa mwenyewe, Jumapili yupo nyumbani.

Alikuja kweli, na koleo lake la sindano kwenye kijisanduku cha ngozi. Mama mkwe alilipokea kwa mikono miwili, akalisifia, akalipandisha juu ya kabati, akampa beseni la matumbo na chumvi aanze kusugua. Saa mbili alisugua. Osbane ya kwanza aliyoshona ilipasuka sufuriani. Ya pili ilipasuka ikawatisha watoto. Mama akasema wali ukiwa ndani ya supu si vibaya, ni supu ya wali, ila asimwambie mtu ilikotoka.

Dhikra naye tulimwalika, na mchumba wake, ambaye kucha zake bado zilikuwa na rangi ya nyumba. Ya tatu ya Profesa haikupasuka. Ilitoka nzima, imekaa upande, lakini nzima, na mama akaiweka kwenye sahani ya Dhikra kwa kuwa ndiye mgeni wa heshima. Profesa aliacha kula. Dhikra akabonyeza kwa dole gumba, akavuta mkia. Uzi ukaja nusu, ukakwama.

Meza nzima tulimtazama Dhikra. Fomu ilikuwa imeshapigwa muhuri, kazi ya Gabes imeshakuwa yake, angeweza kukata kwa kisu na kusema imetoka, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Haujatoka, Profesa," akasema.

"Lete," Profesa akamjibu, akanyoosha mkono, akaenda kuketi kando ya mama mkwe wangu aanze upya.